MOTO UPOTEAO JIKONI

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike somo moja la sayansi ambalo mtu aweza kulitumia nyumbani pasipo kununua chombo kipya. Nimechagua habari za joto. Sote twajifunza joto katika mwaka wa tatu, twaandika mtihani, kisha twaliacha somo lenyewe katika chumba cha mtihani pamoja na karatasi zetu. Mimi nami nililiacha huko.

Nilirudi kulichukua kwa sababu ya mzigo wa kuni. Baada ya mtihani wa mwaka wa nne nilikaa nyumbani kwa bibi yangu, juu milimani, nikingoja matokeo. Shule za msingi zikafunguliwa, nami ningali nimekaa. Jumatano moja, jua likitua, nilimwona mdogo wangu wa kike akishuka njiani na kuni kichwani, mzigo mrefu kuliko yeye. Nami nilijua ya kuwa kila Jumatano jioni mwalimu wake aliwafundisha hesabu za ziada watoto wa darasa la saba. Nilimwuliza mbona hakwenda. Akanijibu, "Kaka, kuni zimekwisha." Hakusema zaidi, wala hapakuwa na la kusema zaidi.

Watu wa mjini wakisikia "gharama ya moto" hufikiri mita ya Yaka na pesa zinavyoingia humo. Huku kwetu mlimani gharama hulipwa kwa miguu, na mara nyingi kwa miguu ya msichana. Lakini moto ni ule ule, na sheria za joto ni zile zile, uwe umewashwa kwa gogo au kwa waya. Basi nitaanza na mafiga, kisha nitashuka mjini.

Siku ya pili yake nilichukua mizani ambayo bibi hupimia kahawa, nikapima mzigo wa kuni: kilo 18. Nyumba yetu ilikula mizigo mitatu kwa juma. Halafu nikapima kuni zilizopika chungu kimoja cha maharagwe, tangu moto kuwashwa hata maharagwe kuiva. Zilikuwa kilo 4 na zaidi kidogo, kwa muda wa saa tatu. Maharagwe tuliyala karibu kila siku. Bibi alinitazama nikipima kuni akasema, "Mjukuu wangu, utaziuza kwa nani?"

Sasa tuangalie joto la zile kilo 4 lilikwenda wapi. Katika mafiga matatu yaliyo wazi, sehemu kubwa ya joto haiingii chunguni kabisa. Watu waliopima jambo hili katika nchi nyingi wamekuta kwamba chungu hupata kama sehemu moja tu katika kila sehemu kumi, au ikizidi sana sehemu moja na nusu. Iliyobaki hupasha upepo, mawe, kuta na uso wa mpishi. Nyingine hutoka ingali haijaungua, nao ndio moshi. Moshi ule mweusi unaopaka dari na kuwaliza mama zetu ni kuni ambazo zimebebwa kutoka mbali zikakataa kuwaka.

Kuni mbichi ndizo zenye hasara kubwa kuliko zote. Maji yaliyomo ndani ya gogo hayana budi kugeuka mvuke kwanza kabla gogo halijawaka vema, na mvuke huo waondoka na joto lako. Kwetu kuni zililetwa na kutiwa motoni siku ile ile. Nilitengeneza uchaga juu ya mafiga, tukaanza kuzipasua nyembamba na kuzianika juma moja kabla ya kuzitumia. Kuipasua kuni hakuongezi joto lililomo, ila huifanya ikauke upesi na kuwaka kwa mwali safi badala ya kufuka.

Lakini jambo kubwa, ambalo kwa kweli lilinishangaza mimi mwenyewe, ni hili la kuchemka. Wengi wetu twadhani kwamba moto ukizidishwa chini ya chungu kinachochemka, chakula kitaiva upesi. Sivyo. Maji yakisha kuchemka hayazidi kupata moto, hata ukichochea mpaka nyumba iungue. Joto unaloongeza hugeuza maji kuwa mvuke tu. Na mvuke una bei kubwa. Kuichemsha lita moja ya maji toka baridi ya nyuzi 20 kwahitaji kama kilojuli 310 huku kwetu. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke kwahitaji kilojuli 2,260 hivi. Maana yake, bibi akiongeza lita moja ya maji katika maharagwe kwa kuwa ya kwanza "yamekauka," ile iliyokauka imechukua joto ambalo lingeweza kuchemsha lita saba mpya. Na chungu chetu kiliongezwa maji mara mbili kila siku, kwa sababu hakikuwa na kifuniko. Kifuniko kilikuwapo, ila kilitumika kupepetea mchele.

Nimesema "huku kwetu" kwa makusudi. Kitabu chetu chasema maji huchemka kwa nyuzi 100, na kitabu hakisemi uwongo, ila kinasema habari za pwani. Kadiri tunavyopanda juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema: kwa makisio, nyuzi moja hupungua kwa kila mita 300. Hapa Rukoki, penye kama mita 1,000 juu ya bahari, huchemka karibu na nyuzi 97. Likizo iliyofuata niliazima kipimajoto cha maabara, nikapima kwa bibi: nyuzi 94. Juu kabisa ya Rwenzori, katika kilele cha Margherita penye mita 5,109, yangechemka karibu na nyuzi 83, na mtu angeweza kukaa na chungu chake siku kutwa asile maharagwe. Ndiyo sababu maharagwe ya mlimani yanataka kuni nyingi kuliko yale yale ya hapa bondeni. Mama zetu si wavivu wala kuni zao si mbaya. Maji yao yana baridi zaidi ingawa yanachemka.

Basi kama maji yanayochemka hayawezi kupata moto zaidi, kazi yetu ni moja tu: kuyafikisha hapo, halafu kuyazuia yasipoe. Kuzuia joto hakuhitaji moto. Kwahitaji blanketi.

Nilichukua kikapu kikubwa, nikakijaza majani makavu ya mgomba, nikaacha shimo katikati la kutosha chungu. Maharagwe niliyaroweka usiku kucha, kwa maana yaliyokwisha kunywa maji huiva kwa muda mfupi. Asubuhi nikamwaga yale maji, nikatia mengine, nikayachemsha, kisha nikatia chungu kikapuni, nikafunika kwa majani na blanketi kuukuu. Familia yote ikaja kutazama. Mimi nami sikuweza kuvumilia, nikafunua mara tatu kuangalia. Saa ya chakula maharagwe yalikuwa vuguvugu na magumu kama kokoto. Bibi akacheka mpaka akaketi chini. "Mjukuu wangu," alisema, "umeyalaza maharagwe kitandani, nayo yameamka na njaa." Tukala viazi.

Makosa yangu yalikuwa matatu, nami nayasema ili msiyarudie. Kwanza, chungu kilikuwa kidogo na hakikujaa. Chungu kilichojaa hutunza joto kuliko kilicho nusu. Pili, nilikichemsha kwa dakika tano tu. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu yakiwa mabichi, na sumu hiyo haifi kwa joto la vuguvugu. Hayana budi yachemke kwelikweli dakika kumi au zaidi, tena kwetu mlimani mimi nachemsha nusu saa. Tatu ni kule kufunua. Kila ukifunua, wamwachilia mvuke uliyemlipia.

Mara ya pili niliyachemsha nusu saa kwa kifuniko, nikayafungia asubuhi, nikaenda shambani, nisirudi hata saa nane mchana. Tulipofungua, mvuke ukatoka. Yalikuwa yameiva, yakahitaji dakika chache tu za moto pamoja na chumvi na kitunguu. Kuni nilizopima safari ile zilikuwa kilo moja na nusu. Bibi alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akaulizia kama kikapu kile kingefaa na kwa mchele. Chafaa. Mchele ukishachemka dakika chache waweza kuumalizia humo bila moto.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kwa siku tano za maharagwe tuliokoa kilo 12 au 13 kwa juma. Kukausha kuni na kufunika vyungu vingine kukaokoa nyingine. Jumla yake ilikuwa mzigo mzima, kilo 18. Mzigo ule tuliuondoa siku ya Jumatano.

Sasa tushuke mjini. Mjomba wangu anakaa Kasese, naye hupika kwa makaa na huwasha umeme. Watu wengi huona makaa ni maendeleo kwa kuwa hayana moshi mwingi. Ni kweli jikoni yana nafuu, lakini moshi wake umebaki porini. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya makaa huweza kula kilo sita hata kumi za kuni, na zaidi ya nusu ya joto la kuni hizo hupotea hapo hapo tanurini. Kwa hiyo mpika makaa anayeacha sigiri iwake bure baada ya chakula kuiva anachoma mti mara mbili. Kwa mjomba, makaa yaliyobaki yaliachwa yafe yenyewe kila usiku. Siku hizi mke wake huyatia katika debe lenye kifuniko. Hewa ikikosekana yanazimika, na kesho yake anaanza nayo. Sigiri yenye kuta za udongo wa kufinyanga ndani huokoa zaidi, na mlango wake wa chini si pambo: chungu kikisha kuchemka, uufunge nusu.

Hapa niingize onyo, maana usiku wa mlimani una baridi, na wako wanaoingiza sigiri chumbani wapate kujipasha. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa haisikii inapomjia, naye hufa usingizini. Afadhali kuziba nyufa za mlango kwa matambara na kuvaa nguo mbili. Sigiri ikae nje.

Habari za umeme zinataka hesabu, lakini ni hesabu rahisi. Chombo chochote kimeandikwa wati zake. Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000, umepata uniti ambazo mita itakula. Mjomba aligombana na watoto wake kwa muda mrefu juu ya simu, akisema kuchaji simu ndiko kunakomaliza Yaka. Tukakaa na daftari. Simu mbili zikichajiwa kila siku hula kama uniti moja kwa mwezi mzima. Watoto wakashangilia. Kisha tukahesabu balbu zake nne za zamani, za wati 60 kila moja, zikiwaka saa tano kila usiku: uniti 36 kwa mwezi. Balbu nne za LED za wati 9, zenye mwanga uliokaribia ule ule, zingekula uniti 5 na nusu. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja ni uniti moja, basi ni heri kupiga pasi nguo zote za juma siku moja kuliko kuipasha kila asubuhi kwa shati moja.

Mwizi mkubwa hatukumfikiria. Alikuwa ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga. Ndoo ya lita 20, ukiitoa nyuzi 20 ukaifikisha nyuzi 40, yala karibu nusu uniti. Watu watano wakioga hivyo kila siku ni uniti 70 kwa mwezi. Na huku ni Kasese, jamani, ambako jua la saa saba lachoma bati mpaka linalia! Mjomba alipaka rangi nyeusi madumu mawili, akayaweka juani tangu asubuhi. Jioni yalikuwa ya kuoga, na bila uniti hata moja. Siku za mvua koili ingali na kazi, sikatai.

Yafaa pia kujua jinsi bei ilivyopangwa. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2022, uniti 15 za kwanza za mwezi kwa nyumba ya kawaida zilihesabiwa shilingi 250 kila moja. Zilizofuata zilipanda mara tatu. Halafu uniti ya 81 hadi ya 150 zikashuka kuwa shilingi 412, kusudi watu wavutwe kupika kwa umeme. Mtu mwenye taa peke yake, akitumia balbu nzuri, aweza kuishi ndani ya zile 15. Mtu mwenye taa mbaya hulipa bei kubwa kwa ajili ya joto la balbu ambalo hakuliomba. Na nyumba inayotumia umeme mwingi ikaribie kuifikiria sufuria ya umeme yenye kufungwa kwa mgandamizo. Ndani yake mvuke hauachiliwi, maji hupita nyuzi 100 hata huku juu, na maharagwe huiva kwa chini ya uniti moja. Ni kikapu cha bibi na dawa ya mlima, vyote katika chombo kimoja. Bei ya kukinunua ndiyo inayotuzuia wengi.

Wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili watasema, "Kijana, umeme si mgeni kwetu." Ni kweli. Kilembe Mines walijenga kituo cha umeme cha mto Mubuku katika miaka ya 1950, wakati machimbo ya shaba yalipokuwa yakianza na reli ilipofika Kasese, mwaka 1956. Shaba ilikoma mwaka 1982, mto haukukoma. Mwaka 2009 kituo cha Bugoye chenye megawati 13 kilianza kazi juu ya mto huo huo. Tena mwaka 2012 Wilaya yetu pamoja na WWF walianza mpango wa nishati safi, wakaweka shabaha ya mwaka 2020. Mwaka 2020 umepita. Mimi nikiwa kwa bibi usiku naziona taa za bondeni chini yangu, nami nimeketi karibu na mafiga.

Mwaka huo wa 2020, mwezi wa Mei, mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa hospitali ya Kilembe na nyumba nyingi, kama ulivyofurika tarehe 1 Mei 2013. Wako wasemao kwamba wakata kuni ndio walioleta mafuriko. Mimi naona hilo ni kuwaonea watu. Mvua ilinyesha kubwa mno, na mlima wetu una mteremko mkali. Lakini pia najua kilima kisicho na miti hakiwezi kushika maji, na najua mdogo wangu alikuwa anakwenda mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni, maana zile za karibu zilikwisha. Mambo hayo mawili nayaandika pamoja, kila msomaji atapima mwenyewe.

Nilipoondoka kuja kuanza mwaka wa tano, sikutumaini kwamba kikapu kitaendelea. Mzee huwa na jiko lake. Bibi hukitumia siku za soko na siku za shamba, siku nyingine hukisahau, na kifuniko mara kwa mara hurudi kupepeta mchele. Hata hivyo Jumatano haikurudishwa. Mdogo wangu alihudhuria hesabu za ziada mwaka ule, na sasa yumo katika mwaka wa kwanza wa sekondari ya kutwa. Mzigo wa Jumamosi umemwangukia mdogo wetu wa kiume, mwenye miaka kumi, naye amekuwa mkali wa mambo haya kuliko mimi. Likizo iliyopita aliniuliza: ikiwa kikapu chaweza kupika maharagwe na mchele, mbona hakipiki obundu, maana ndio unaokula kuni za jioni? Nilimweleza kwamba ugali wa muhogo wataka kusongwa juu ya moto, na huwezi kusonga ndani ya kikapu. Akasema basi nitafute njia ya kuyatia maji kikapuni yakichemka mchana pamoja na maharagwe, ili jioni yaanze yakiwa moto. Hilo sikuwa nimelifikiria. Tutalijaribu likizo ijayo, na mizani ya kahawa ingalipo.